Fomu za Septemba

Siku ya ishirini baada ya mazishi ya Mabli, Rhian wa nyumba ya nne alikuja kudai bakuli lake.

Hakusema amekuja kudai, maana kijijini Cwm Eithin mtu hamdai mfiwa. Alisimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika, akasema mvua ya mwaka huu imezidi, akamsifu paka kwa unene, akauliza kama Elfed amerudi kazini. Yote hayo huku macho yake yamepita juu ya bega la Nerys na kuingia jikoni, mezani, ambako vyombo vya watu vilikuwa vimerundikana: mabakuli ya udongo, trei za kuokea, sufuria mbili zenye mifuniko isiyo yake. Kila chombo kilikuwa na kipande cha plasta chini, kimeandikwa jina la mwenyewe. Ukifiwa huku, kijiji kinakulisha supu ya kondoo na viazi wiki mbili nzima. Kisha wewe unaosha vyombo, unasoma majina, unapita nyumba kwa nyumba ukirudisha na kushukuru, na ukimaliza kurudisha ndiyo umeanua matanga. Nerys aliviosha vyote siku ya kumi na tano. Hakuwa amerudisha hata kijiko.

"Wala si haraka," Rhian alisema. "Ila Jumapili kuna chai ya kanisa, na lile la bluu ndilo pekee linaloenea ile keki yangu."

"Lichukue."

"Ahsante, Mama Mab..." Rhian akauma ulimi. "Nerys."

Kwa miaka kumi na mitatu kijiji kizima kilimwita Mama Mabli, kuanzia getini pa shule hadi kwa muuza samaki. Sasa hawakujua wamwite nani. Wengine walimwita Nerys, kama mtu waliyetambulishwa jana. Tarishi wa posta alikuwa anakohoa tu. Nerys aliliona hilo, likampita kama kila kitu kilivyompita tangu katikati ya Machi, bila kuuma.

Rhian alilipakata bakuli lake, lakini hakuondoka.

"Kesho ndiyo siku yako kule halmashauri?"

"Saa nne."

"Usiogope, shoga. Mimi nilikaa dakika kumi na tano tu. Kuna msichana pale, Bi Bebb, mdogo mdogo hivi, anakuonyesha fomu ndani ya nailoni. 'Umeijaza wewe?' Unasema ndiyo. Anakupa chai mbaya kuliko zote duniani, unasaini, unatoka. Wazazi kumi tumeshapita, umebaki wewe tu. Na watoto tumeshawaambia."

"Mmewaambia nini?"

"Wasiropoke." Rhian akatazama viatu vyake. "Idwal wa watu, Nerys. Ukimwona utamhurumia. Amekonda amebaki pua."

Alipoondoka, mezani palibaki duara tupu mahali bakuli lilipokuwa. Nerys akalifuta, ingawa halikuwa na uchafu.

Idwal alikuwa kaka yake Elfed, mume wa Nerys. Kwa hiyo kwa Mabli alikuwa baba mkubwa. Tangu machimbo ya mawe yalipompunguza kazini, miaka ishirini na sita iliyopita, aliongoza kundi la vijana la kijiji bila kulipwa hata senti. Aliwafundisha kupanda majabali, kupiga kasia, kusoma ramani na kuwasha moto kwa kuni mbichi. Watoto hao vinginevyo wangeshinda kwenye kituo cha basi wakitemeana mate. Elfed mwenyewe, aliyekuwa kitinda mimba, alipita mikononi mwake. Katika miaka yote hiyo, jeraha kubwa kuliko yote lilikuwa kifundo cha mguu.

Sheria ya safari ilikuwa wazi. Kila safari na fomu yake: mzazi aandike mtoto anakwenda kufanya nini, wapi, lini, ana maradhi gani, kisha atie sahihi. Sheria nzuri kabisa. Ubaya wake ni kwamba iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kumsaka mzazi wa zamu ya usiku siku ya Ijumaa. Kwa hiyo Cwm Eithin walikuwa na utaratibu wao. Jumatano ya kwanza ya Septemba, kundi linapofunguliwa, kila mzazi alitia sahihi fomu sita tupu, za mwaka mzima, na Idwal alizifungia kwenye faili lake jekundu. Safari ikipatikana, ndipo Idwal alipozijaza yeye mwenyewe. Walisaini barazani kwa kanisa, wamepanga foleni, huyu akiinamisha mgongo wake uwe meza ya mwenzake. Nerys alisaini za kwake juu ya mgongo wa Rhian.

"Usinitekenye, wewe!" Rhian alipiga kelele, na baraza zima likacheka.

Hakuna aliyesoma. Mwaka mmoja mzazi mgeni kutoka mjini alijitenga pembeni akaisoma fomu yake mpaka chini, na watu walimtazama kama mtu anayehesabu chenji mbele ya mchungaji. Kusoma fomu mbele ya Idwal ilikuwa kumtukana.

Halafu Januari Mabli akaanguka kwenye ngazi za shule. Alizimia nusu dakika, akaamka anacheka. Daktari hakucheka. Aliusikiliza moyo mara tatu, akaandika barua: asikimbie sana, asiingie kwenye maji ya baridi, mpaka hospitali kubwa impime. Miadi ilikuwa tarehe ishirini na mbili Aprili. Foleni ya hospitali kila mtu anaijua.

"Usimwambie Baba Mkubwa," Mabli alimsihi mama yake ndani ya gari. "Ataniweka ukingoni nishike makoti ya watu, kama alivyomfanya Deio kwa sababu ya pumu. Mama, tafadhali. Nitakwenda zile za kutembea tu."

"Za kutembea tu?"

"Haki ya Mungu."

Wakapatana. Barua iliwekwa nyuma ya kopo la mkate. Nerys hakuona haja ya kumsumbua Idwal, kwani ikija fomu ya kitu kingine chochote, yeye si atakataa kuisaini? Alisahau kwamba alikwisha kuisaini.

Jumamosi ya tarehe kumi na tano Machi ilikuwa safari ya matembezi mlimani. Nerys alimfungia mkate wa jibini na tufaha. Asubuhi hiyo ukungu ulikaa juu ya mlima, na Idwal hakuwahi kumpandisha mtoto kwenye ukungu. Kwa mambo ya usalama alikuwa mkali. Alimpigia simu mwongozaji mmoja wa makorongo aliyekuwa amekosa wateja, akapata nafasi kwa bei ya kirafiki, na safari ya kutembea ikawa ya kupanda korongo la mto. Kofia ngumu zilikuwepo, jaketi za kuelea zilikuwepo, kamba mpya zilikuwepo. Fomu zilikuwepo, zina sahihi. Hapakuwa na sababu ya kumpigia mzazi yeyote simu. Kwenye dimbwi la tatu Mabli aliruka, akaibuka, akacheka, kisha akaacha kucheka.

Jioni ya siku aliyokuja Rhian, Idwal alifika wakati wa chakula. Alivua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba hiyo, akaingia na soksi zake zenye viraka, akakaa kwenye kiti cha karibu. Kisha akagundua ni kiti cha nani. Akainuka haraka mpaka meza ikatikisika. Hakuna aliyemwambia kaa. Alisimama kando ya vyombo vya watu, mikono haijui iende wapi, mpaka mama yake, Bi Heulwen, aliyekuwa akiishi kwa Elfed tangu alipofiwa na mumewe, akamsukumia stuli kwa mguu.

"Kula."

"Nimeshakula, Mama."

"Umekula nini? Umekula hewa."

Nerys alikata mkate, akagawa supu. Wote wanne wakala, au waliinua vijiko na kuvirudisha. Elfed ndiye aliyeanza, akiisemesha sahani yake. Alikuwa dereva wa basi la mjini, mtu wa maneno machache. Abiria walimpendea hilo.

"Nerys. Kuhusu kesho."

"Najua. Rhian amenieleza."

"Ni neno moja tu. Uliijaza wewe asubuhi ile, Idwal alipopiga simu, ukampa Mabli aipeleke. Ndiyo. Basi. Tunarudi nyumbani."

"Na ugonjwa?" Nerys aliuliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama maziwa yapo. "Wana karatasi za hospitali. Watataka kujua kwa nini sikuandika moyo."

Elfed na mama yake wakatazamana, na kwa mtazamo huo Nerys akajua kwamba swali hilo walikwisha kulijadili bila yeye, pengine hapo hapo mezani, yeye akiwa amelala juu na vidonge vyake.

"Utasema ulisahau," Bi Heulwen alisema.

"Nilisahau moyo wa mwanangu."

"Watu husahau, mwanangu. Hakuna atakayemfunga mfiwa. Lakini huyu..." akamwelekezea Idwal kidevu, "huyu watamla mzima. Bima itakataa, yule mwongozaji atajivua, atabaki peke yake. Ana miaka sitini na moja. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nimezika mjukuu. Mnataka nizike na mtoto?"

"Mama, basi," Idwal alisema. "Mimi siombi kitu."

Kweli hakuomba. Alikaa tu pale akiombewa, na nyumba nzima ilikuwa ikimfanyia kazi hiyo. Nerys alimtazama. Huyu ndiye aliyembeba Mabli begani kutoka dimbwi la tatu hadi barabarani, nusu maili ya mawe yanayoteleza, na goti lake bovu. Huyu ndiye aliyemwingiza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wao walikuwa wanamtwika mama aliyefiwa mzigo wa kumsahau mwanawe kwa sauti ya upole, wakimkaribisha na siagi. Lakini Nerys hakuuhisi uzito wake. Aliitafuta hasira kama mtu anayepapasa mifuko kutafuta ufunguo, akaikosa. Wangemwambia aseme alimsukuma mtoto mtoni kwa mikono yake, angeuliza ni saa ngapi.

"Nitasema," akasema.

"Ahsante," alijibu Elfed, kama mtu aliyepitishiwa chumvi. Kisha macho yake yakajaa, akainuka kwenda kutazama kama amefunga gari.

Idwal alichomoa bahasha kwenye koti. "Zile fomu zilizobaki za wengine nimezichoma," alisema taratibu. "Zako sikuchoma, shemeji. Niliona si haki yangu." Akaziweka mezani kati ya mabakuli. Zilikuwa tatu. Chini ya kila moja palikuwa na sahihi ya Nerys, ya haraka, ya mtu aliyekuwa akicheka, na juu yake kweupe. "Na kuna jambo jingine kuhusu ile ya Machi. Asubuhi ile sikuwa na..."

"Idwal," mama yake akamkata. "Kunywa chai. Inapoa."

Idwal akanywa chai.

Asubuhi yake Elfed aliegesha gari mbele ya jengo la halmashauri, mahali panaporuhusiwa dakika ishirini.

"Nisiingie," alisema. "Nikiingia wataona tumepanga."

"Sawa."

"Neno moja, Nerys."

"Nimesikia, Elfed."

Alishuka na mkoba wake. Zile fomu tatu alikuwa amezitia humo alfajiri, pamoja na leso na miwani, bila kujua kwa nini; hakutaka tu zibaki mezani na vyombo vya watu.

Kijana wa mapokezi alipitisha kidole kwenye orodha. "Wewe ni mzazi wa... Namba kumi na moja?" Akasoma kilichoandikwa mbele ya namba kumi na moja, masikio yakamwiva. "Ah. Pole. Samahani sana. Vaa hii." Ilikuwa kadi ya plastiki yenye neno MGENI. Pini yake ilikuwa imevunjika, kwa hiyo Nerys aliishika mkononi.

Bi Bebb alikuwa kweli mdogo, na alikuwa na mafua. Ofisi yake ilikuwa na dirisha lisilofunguka na picha ya watoto waliovaa kofia ngumu, wote wanatabasamu. Alitoa pole iliyopangwa vizuri, akasogeza karatasi.

"Hii ni ya kukubali mazungumzo yetu yaandikwe."

Nerys alisaini. Mkono ulikwenda wenyewe, chini kabisa, bila yeye kusoma hata mstari.

"Nikueleze kwanza tulichokwisha kukipata," Bi Bebb alisema, akafungua faili. "Kofia yake ilikuwa salama. Jaketi ya kuelea ilikuwa ya saizi yake na ilifungwa inavyotakiwa. Kamba zilikuwa za mwaka huu. Mwongozaji ana kibali. Maji hayakuwa yamejaa kupita kiasi. Huduma ya kwanza ilianza ndani ya dakika moja." Akapangusa pua. "Vifaa vyote vilikuwa sawa, Bi Nerys. Ndiyo maana tumebakiwa na karatasi."

Akaitoa fomu ndani ya mfuko wake wa nailoni, akaigeuza ili isomeke.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ndiyo."

"Na haya yaliyoandikwa hapa juu? Uliijaza wewe?"

Mwanzoni Nerys aliona wino wa bluu tu. Kisha akaona kwamba wino umepakaa. Kila mstari ulikuwa umeburuzwa kuelekea kulia, kama unavyoburuzwa na kiganja cha mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Katika nyumba yao kulikuwa na mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto, na mikono ya shati lake la shule ilikuwa na wino mpaka siku walipolikunja na kuliweka kabatini.

Ndipo akajua Idwal alitaka kusema nini kabla chai haijapoa. Asubuhi ile hakuwa na miwani, ile aliyokuwa akiisahau kila mahali. Alizigawa fomu kwa watoto wenyewe, juu ya boneti la basi dogo, kwenye manyunyu: haya, jazeni, kila mtu yake. Na ndicho ambacho watoto wa kijiji walikuwa wameambiwa wasikiropoke.

Shughuli: Kupanda korongo. Mahali: Nant Ddu. Maradhi: Hakuna. Hilo "Hakuna" lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili. Mwalimu wa sayansi aliwahi kuwaita shuleni kulalamika kwamba Mabli anapigia mstari kila kitu, hata jina lake. Chini zaidi palikuwa na sehemu ya mwisho, Jambo jingine ambalo mzazi angependa tulijue, mistari miwili ambayo kila mzazi duniani huiacha wazi. Mabli hakuiacha. Aliijaza kwa heshima zote za mtu mzima.

"Binti yangu hana wasiwasi wowote. Ni hodari sana."

Nerys alisoma mara ya pili. Hakukumbuka kama aliwahi kumwambia hivyo. Alimwambia avae soksi kavu, aache simu wakati wa kula, asiburuze viatu. Hodari, hakukumbuka. Mtoto alijiandikia mwenyewe kile ambacho mama mzuri angekiandika, na akakaa kimya kuhusu kile ambacho mama yake alikikalia kimya.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Wazazi kumi walikwisha kulisema, na halikumuua hata mmoja. Nje mume wake alikuwa akilingojea. Akisema ndiyo, Idwal atabaki na kundi lake, mama mkwe atabaki na mwanawe, na Septemba baraza la kanisa litajaa tena migongo. Akisema hapana, watu watasema mtoto alidanganya, mtoto alijiua mwenyewe. Alilijua hilo, na alijua ni nani watakaokuwa wa kwanza kulisema. Lakini akisema ndiyo, mwandiko huu utakuwa wake yeye. Utaandikwa hivyo kwenye faili, mwandiko wa mama, milele, na maneno ya mwisho aliyoyaandika Mabli hapa duniani yatakuwa hayakuandikwa na Mabli. Wamechukua kila kitu, Nerys aliwaza. Hiki hawapati.

"Sahihi ni yangu," alisema. "Niliitia Septemba, barazani kwa kanisa. Fomu sita kwa mpigo, tupu. Sikusoma." Akafungua mkoba, akaziweka zile tatu mezani, moja baada ya nyingine. "Hizi ndizo zilizobaki."

Kalamu ya Bi Bebb ilisimama. Alizitazama zile karatasi nyeupe zenye sahihi chini, akazihesabu kwa ncha ya kidole.

"Na maandishi ya hii hapa?"

"Ya Mabli."

"Una hakika?"

"Anaandika kwa kushoto. Tazama wino."

Bi Bebb akatazama. Kisha akazitoa zile nyingine kumi kwenye faili, akazipanga mbele yake, akaanza kuona alichokuwa akikitazama kwa wiki tatu: herufi kubwa kubwa, neno lililokatwa na kuandikwa upya, pembeni mchoro mdogo wa samaki.

"Wazazi kumi wameniambia..."

"Najua walichokuambia."

"Unaelewa nikiandika hivi itakuwaje? Nitawaita tena wote. Na kiongozi wa kundi..."

"Shemeji yangu."

"Itambidi ajibu yeye."

"Andika," Nerys alisema. "Na andika hili pia. Barua ya daktari ilikuwa nyuma ya kopo la mkate tangu Januari. Sikumwambia Idwal. Nilipatana na mtoto kwamba atakwenda zile za kutembea tu, nikafikiri fomu itakuja kwangu. Hilo ni langu. Usimwandikie yeye."

Bi Bebb aliandika. Aliandika polepole, akipenga kamasi, na Nerys alisikiliza kalamu inavyokwaruza. Ndipo kila kitu kikaanza kuuma. Hakikuuma sana, kiliuma kama mguu uliokufa ganzi damu inapoanza kurudi, kuanzia vidoleni, na mtu anajua yanayokuja ni makubwa zaidi.

"Naweza kuichukua?" aliuliza.

"Fomu yenyewe?" Bi Bebb alitikisa kichwa, na safari hii alionekana kuumia kweli. "Haiwezekani, ni ushahidi. Lakini unaweza kuomba nakala. Kuna fomu ya kuombea." Akainuka, akatafuta kwenye droo, akarudi na karatasi tatu zilizobanwa pamoja. Jina la mwombaji. Uhusiano na mtoto. Sababu ya maombi. Aliziweka mbele ya Nerys zikiwa zimefunuliwa ukurasa wa mwisho, akamwekea kidole kwenye mstari.

"Saini tu hapa chini, mama," alisema kwa huruma. "Hayo mengine nitakujazia mimi. Usijisumbue."

Nerys alishika kalamu. Nje honi ya gari lao ililia mara moja, kwa adabu, maana dakika ishirini zilikuwa zimekwisha na Elfed hakuwa anajua chochote bado.

"Hapana," alisema.

Akatoa miwani kwenye mkoba, akavuta kiti karibu na meza, akazirudisha karatasi mpaka ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma.